Mashine Inayopumua

Natta, Serengeti
4 Agosti 2024

Kwako Tata, baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeshatoka karashani, kwenye mashine ya kusaga mawe, na umenawa lile vumbi lake. Kifua chako vipi? Na mgongo? Madoa hajambo? Mwambie namsalimia, ingawa ni ng'ombe. Mimi mzima, isipokuwa vidole. Mashuka ya wageni wa kambi hii ni meupe kupita kiasi, na sabuni yake inachubua ngozi.

Tata, nimechaguliwa chuo! Mwanza, shahada ya takwimu. Ambokile, mhasibu wa hapa kambini, ndiye aliyeliona jina langu kwenye simu yake. Nilipiga kelele mpaka mpishi akatoka na mwiko akidhani nyani wameingia jikoni. Hapohapo nikampigia Mwalimu Laurensia jirani yetu akupelekee simu. Akasema amekukuta, amekuonyesha simu, ukatikisa mkono na kusema una haraka ya majani ya ng'ombe. Jamani, tata! Mtoto anafaulu, wewe unakimbilia majani? Sijakasirika. Basi, nimekasirika kidogo.

Sasa kuna jambo. Ambokile anasema masomo ya takwimu bila kompyuta yako mwenyewe ni kama kwenda kulima bila jembe. Nataka ya kupakata, ndogo, ya inchi kumi na moja hivi, hata kama imetumika. Mshahara wangu wa hapa unatosha nusu ya bei, nusu nyingine nakuomba unisaidie kidogokidogo. Lakini tafadhali usimuuze Madoa. Huyo ni ukumbusho wa mama. Tuna mpaka mwisho wa Oktoba, chuo ndipo kinafunguliwa.

Barua naiweka kwa kondakta wa gari la Tarime. Wewe ukijibu, mpe huyohuyo, ataiacha dukani kwa Gloria hapa stendi ya Natta.

Mwanao,
Wegesa


Kewanja, Tarime
13 Agosti 2024

Kwako binti yangu Wegesa,

Marahaba sana. Mimi sijambo, kifua kinakohoa kama kilivyozoea, mgongo unalalamika ukiniona nikishika sururu. Madoa anakula kuliko mimi. Na wewe vidole vyako vipake mafuta ya ng'ombe, uache hayo ya dukani yenye harufu ya maua.

Barua yako nimeisoma mara nne. Nilipofika palipoandikwa chuo niliinuka nikazunguka nyumba, nikarudi nikakaa, nikainuka tena. Mama yako angekuwepo angepiga vigelegele wakasikia mpaka ng'ambo ya mto. Kuhusu simu ya Mwalimu usinilaumu, siku ile nilikuwa na haraka kweli. Na simu yangu mwenyewe imeingia dawa ya kuogeshea mifugo, imekufa. Barua ni bora. Barua mtu anaisoma akiwa ametulia.

Sasa hiyo kompyuta. Jumamosi nilishuka Tarime mjini, nikaingia duka moja, nikaomba nioneshwe ndogo. Wegesa, ile ni kitu gani? Nyembamba kama chapati! Nimeishika, mkono haukujua kama umeshika kitu. Tangu nizaliwe sijaona mtu akienda mnadani akasema nipeni yule mdogo, yule mwembamba. Ng'ombe mwembamba ni mgonjwa, au mwenye naye ni maskini, au ameibiwa usiku akakimbizwa sana.

Halafu watu wataniuliza. Ndugu yetu Elia alipomnunulia mwanawe pikipiki, ukoo mzima ulikuja kuishika. Wewe ni wa kwanza kwetu kwenda chuo kikuu, nami niwaonyeshe chapati? Hapana. Mtoto wa Kisyeri haendi na kitu cha nusu. Hela yako ya mashuka kaa nayo, ukanunulie viatu. Kununua ni kazi yangu, nami macho ya kuchagua ninayo.

Ni mimi tata yako,
Kisyeri


Natta
20 Agosti 2024

Tata mpendwa,

Shikamoo. Habari za Kewanja, na kikohozi? Mafuta ya ng'ombe nimepaka, vidole vinaendelea vizuri, ila wenzangu wa kufulia wameanza kuniita siagi.

Umenichekesha na chapati yako, lakini naomba unisikilize, najua ukishashika jambo huliachi. Kompyuta siyo ng'ombe. Haiongezeki thamani kwa kunenepa. Nitaibeba mgongoni kila siku kutoka hosteli mpaka darasani, kwa hiyo iwe nyepesi. Umeme nao utanisumbua, soketi chumbani ni moja na tutakuwa wanne, kwa hiyo betri ikae angalau saa sita. Muulize muuzaji umri wa betri. Akikwepa, ondoka.

Na la mwisho ndilo kubwa kuliko yote: iwe kimya. Hizi mashine zina feni ndani, na zile za zamani feni zake zinanguruma. Mimi nitasomea maktaba, na maktaba ukipiga chafya tu watu wanakugeukia. Ukiiwasha, mwambie muuzaji asiongee, uiache iwake kama dakika kumi, uisikilize. Hilo tu, tata. Uisikilize vizuri.

Ukiona ngumu, subiri mimi nije, tuchague wote. Au nenda na Mwalimu Laurensia, yeye anayo yake.

Madoa asiguswe!

Mwanao,
Wegesa


Kewanja
8 Septemba 2024

Kwako Wegesa, mwenye chuo,

Marahaba mwanangu. Hapa tu wazima wote, mvua bado, mbuzi wa Mwalimu wamekula mihogo yangu na nimewasamehe kwa sababu nina furaha.

Tayari! Usiniulize habari za Madoa. Alikwenda mnadani Alhamisi, amekwenda kwa heshima, watu wanne walimgombania. Mama yako alikuwa akisema ng'ombe ni wa kutatua mambo, siyo wa kutazamwa. Sasa ametatua.

Sikwenda na Mwalimu. Mtu mzima na ndevu zangu nisindikizwe kama nakwenda kliniki? Nilikwenda mwenyewe Sirari, kule mpakani. Zipo nyingi pale, zimepangwa juu ya meza kama samaki. Yule mura muuzaji, kijana mdogo tu mwenye kofia, alinieleza mengi sana, nami nikakubaliana naye. Lakini sikununua kwa maneno. Nilichagua ninavyochagua ng'ombe. Kwanza nikaiinua: nzito, nikasema hapa kuna nyama. Nikaifungua mdomo, meno yote yapo, hakuna lililong'oka. Kioo chake ni kipana, unaweza kuona mtu mpaka viatu. Kisha nikamwambia awashe, nikaweka kiganja tumboni kwake.

Wegesa, ina joto! Inatetemeka taratibu, kama ng'ombe mwenye afya anapocheua. Nyingine niliziwekea kiganja zikawa baridi, zimelala tu, kama maiti. Hii inapumua. Nikasema ndiyo hii, ina uhai.

Na ile habari ya kelele sikuisahau. Nimefuata ulivyoagiza. Nilimwinulia kijana mkono anyamaze, nikaweka sikio kabisa juu yake, nikakaa hivyo mpaka watu wakaanza kunitazama. Kimya. Kimya kama kondoo. Usiwe na wasiwasi na maktaba yako.

Nimeifunga kwenye kitenge cha mama yako, kile cha ndege wa bluu. Kondakta nimemwapisha. Ukiipokea uniandikie upesi. Simu bado mbovu, fundi anasema spika imekufa.

Ni mimi tata yako anayejivuna,
Kisyeri


Natta
29 Septemba 2024

Tata yangu,

Shikamoo. Unisamehe kwa kuchelewa wiki tatu. Mwili wangu hauna ugonjwa. Nilikuwa sijui namna ya kuandika barua hii. Nimechana mbili. Hii sitaichana, kwa hiyo isome ukiwa umekaa.

Mzigo ulifika salama. Kitenge kilikuwa bado kinanukia sanduku la mama, nikalia kabla hata sijakifungua. Niliibeba ile kompyuta mpaka ofisini kwa Ambokile, tukaiweka mezani, wenzangu wa kufulia wakaja kuangalia. Tukaiwasha.

Tata, ile mashine inanguruma. Sikudanganyi. Ilianza kama nyuki, baada ya dakika mbili ikawa kama karasha lako. Mpishi akatoka tena na mwiko wake. Mgeni mmoja mzee aliyekuwa barazani akauliza kwa nini tumewasha jenereta mchana. Wote walicheka, na Ambokile naye alicheka mpaka aliponiona uso. Tulipochomoa waya ili tupime betri, ilikaa dakika arobaini ikazima.

Nakuambia kweli, siku ile nilikukasirikia. Nilisema moyoni: amemuuza Madoa, akanunua sifa, akadanganya kwamba amesikiliza. Niliifunga nikaisukuma chini ya kitanda. Kila nikikanyaga chumbani naiona, nakasirika upya.

Jumapili iliyopita nikaitoa barua yako nikaisoma tena. "Nikaweka sikio kabisa juu yake. Kimya." Nikaanza kujiuliza. Mambo mengi unayo, tata. Una kiburi, una ubishi, unapenda kusifiwa na akina Elia. Lakini uongo wa namna hiyo kwangu hujawahi. Umesema ulisikiliza, basi ulisikiliza. Nikakuona umeinama pale Sirari, sikio juu ya ile mashine inayonguruma, watu wanakutazama, na wewe husikii kitu.

Hapo nikakumbuka na mengine. Pasaka nilikuja nyuma yako zizini nikasema shikamoo mara tatu, ukaendelea kukamua. Nilidhani umenuna kwa sababu nilichelewa. Harusi ya Bernadetha ulitikisa kichwa kwa kila aliyekusemesha, hata aliyekuuliza umri wako. Simu yako iliingia dawa, kisha ikawa spika. Na siku nimechaguliwa chuo, simu imeletwa mpaka mkononi mwako, ukasema majani.

Tata, ni masikio? Ni lile karasha? Miaka kumi na minne umesimama pembeni ya lile chuma linalosaga mawe, ndilo lililonisomesha, na mimi nilikuwa naona vumbi tu, sikuwahi kufikiria masikio. Tangu lini? Nani anajua? Kwa nini hukuniambia mimi?

Mashine naituma na barua hii, imefungwa kitenge kilekile. Siyo kwa hasira. Ambokile anasema ikirudi upesi huenda yule muuzaji akaibadilisha, maana kubwa kama hizi vijana wa kupiga picha za harusi wanazitafuta. Lakini usiende peke yako. Nakuomba kwa jina la mama.

Mwanao anayekupenda,
Wegesa


Natta
13 Oktoba 2024

Tata,

Shikamoo.

Kila gari likipita nakwenda kwa Gloria. Siku hizi akiniona kwa mbali anatikisa kichwa kabla sijauliza. Nilimpigia Mwalimu Laurensia, akasema u mzima, unakwenda kazini, ila huongei na mtu.

Kama ni kompyuta, iache. Chuo kinafunguliwa tarehe ishirini na nane, nitakwenda na madaftari, nitaomba kutumia za wenzangu, nitajua mbele ya safari. Kama nimekuvunjia heshima, nisamehe. Nilipaswa kuja kukuuliza tukiwa tumekaa, siyo kwenye karatasi. Lakini usininyamazie, tata. Wewe ndiye mzazi niliyebaki naye.

Ngoja nirudie, huenda ile ya juu hukuiona: shikamoo.

Mwanao,
Wegesa


Kewanja
19 Oktoba 2024

Kwako Wegesa binti yangu,

Marahaba. Marahaba na zile tatu za Pasaka, ambazo sikuziitikia. Marahaba zote nilizokuwa nadaiwa.

Hii barua usishangae herufi zake. Naiandika kwenye kompyuta. Natumia kidole kimoja, na kila herufi naitafuta kama mbuzi aliyepotea, nimeanza asubuhi na sasa jua limesimama utosini. Mwalimu Laurensia ataitoa kwenye karatasi pale shuleni. Amesema hatasoma. Najua atasoma. Mwalimu, kama unasoma hapa, mbuzi wako wamerudi tena kwenye mihogo.

Ni kweli mwanangu. Ni masikio. La kushoto lilikwenda mwaka ule mama yako alipougua, nikadhani ni uchovu. La kulia lilikuwa linasaidia, mwaka jana nalo likaanza kujifunga, na tangu Krismasi nasikia mvumo tu, kama mvua ya mbali isiyofika. Simu haikuingia dawa. Ilikuwa inalia mfukoni, watu wananionyesha kidole, nami sisikii. Nikaiweka kabatini.

Unauliza kwa nini sikukuambia. Nilijua ukijua utaacha chuo. Ungesema unabaki Kewanja kunisikilizia mlango. Nilihesabu: akishaingia chuoni, akishakaa, ndipo nitamwambia. Kumbe hiyo mashine imeniwahi. Na nisikufiche, niliona aibu pia. Hapa kwetu mzee asiyesikia watoto wanamwigiza nyuma yake.

Ulipotuma ile barua nilikasirika. Siku tatu nilikuwa nakujibu kichwani, maneno makali. Halafu nikafika pale uliposema umeniona nimeinama Sirari. Nilikuwa nimeshapasoma, lakini siku ile palinichoma. Kwa sababu nilipoweka sikio pale, Wegesa, niliomba. Niliomba Mungu anisikizishe feni tu. Sikusikia, nikajiambia, basi ni kimya. Kosa langu ni hilo. Nilikuwa naona midomo ya yule kijana inakwenda na mimi natikisa kichwa. Pengine alikuwa ananiambia ukweli kwamba ina kelele, nani ajuaye.

Jumatano nilikwenda kwa Mwalimu, nikamwambia: nisindikize. Tukapanda gari mpaka Sirari. Yule mura mwenye kofia aliponiona na kitenge akaanza kusema mbiombio. Mwanangu, pale mbele za watu, na Elia mwenyewe alikuwepo ananunua matairi, nikasema kwa sauti: "Kijana, mimi ni kiziwi. Sema na huyu mwalimu." Nilidhani dunia itasimama. Haikusimama. Elia alinitazama, akaja akanivutia kiti nikae.

Kijana wa watu alikuwa na roho nzuri kuliko nilivyomdhania. Mwalimu aliniandikia: anasema mzee alimkubalia kila alichosema. Akakubali kuibadilisha. Tukapatana na Mwalimu: anawasha, tunakaa dakika kumi, ikiwa na kelele ananyanyua kidole. Alinyanyua mara tano. Ya sita ni ndogo, nyeusi, inchi kumi na moja, imetumika miaka miwili na mtu wa ofisi. Kidole hakikunyanyuka. Nikaweka kiganja: haitetemeki, haina joto. Zamani ningesema ni maiti. Mwalimu akaandika: kimya kabisa, feni haina. Betri tuliipima juzi na jana, saa saba na dakika kidogo. Bei yake ni ndogo kuliko ya ile kubwa, kwa hiyo kijana akanirudishia chenji, na hiyo chenji nimeshaiweka pembeni, nitakwenda hospitali kupima haya masikio. Usishangilie sana. Umri wangu na lile karasha, huenda daktari akaniambia nirudi nikalale.

Kazini nimeomba wanihamishe kwenye kupepeta, mbali na karasha. Bosi amekubali. Mshahara umepungua kidogo, lakini wewe hutaacha chuo. Ukinitajia habari ya kuacha chuo ili uje ukae na mimi, nitaitupa hii chapati yako mtoni.

Naizoea. Nimeiweka kwenye mapaja tangu asubuhi na miguu haijafa ganzi. Unavyonyamaza wewe, nimeiambia, na mimi ninavyonyamaza, tungeelewana, bahati mbaya wewe ni wa mwanangu.

Jambo moja linanisumbua nalo nalisema. Siku ile Mwalimu aliponiletea simu, nilijua ni habari kubwa, nilimwona usoni. Nilikimbia majani kwa sababu nisingesikia. Mwanangu anapiga kelele za furaha, nami ningeshika simu kama kipande cha mti. Hilo ndilo linaniuma kuliko ng'ombe.

Kwa hiyo mzigo huu sitampa kondakta. Jumamosi ijayo nakuja nao Natta mwenyewe. Nisubiri kwa Gloria. Ukiniona nashuka usije nyuma yangu. Njoo mbele, simama karibu, niangalie. Kisha niambie kwa mdomo wako kwamba umechaguliwa chuo. Piga kelele kama ulivyopiga siku ile, mpaka mpishi kule kambini atoke na mwiko, mimi nitakuwa nakuangalia.

Na shikamoo uitamke polepole. Nitaitikia. Nikiitikia kwa sauti kubwa mpaka watu wa stendi wageuke, unisamehe, siku hizi sijui inatoka kubwa kiasi gani.

Ni mimi tata yako,
Kisyeri